Mwisho wa Ile Sinema

Jumapili, 6 Mei 1951

Daftari hili alinipa Sista Mkuu nilipomaliza darasa la nane, Desemba. Aliniambia, "Fides, wewe husemi. Basi andika." Nimekaa miezi mitano sijaandika kwa sababu sikuwa na jambo la kuandika. Sasa ninalo.

Ijumaa alikuja mshenga wa Bwana Kasiani wa Kamsamba, kumposa dada yangu Felista. Alileta nsalamu kama ilivyo desturi yetu Wanamwanga: sahani mbili zimefunikana, ndani shanga nyeupe. Mshenga huziweka kizingitini na msichana mwenyewe huziinua na kuziingiza ndani. Akiziingiza, amekubali. Felista aliziangalia, akachukua mtungi, akaenda mtoni. Sahani zilikaa pale hadi kuku wakaanza kuzidonoa. Mwishowe mama akaziingiza yeye.

"Basi zimeingia," mshenga alisema. "Mimi macho yangu yameona zimeingia."

Bwana Kasiani ana lori la kupandisha mpunga na samaki wakavu kutoka bondeni. Ana ng'ombe hata yeye mwenyewe hajui wangapi. Amefiwa na mke. Ni rika la baba.

Jumanne, 8 Mei

Tumekata ulezi tangu alfajiri. Baridi. Vidole vimekufa ganzi.

Jumatano, 9 Mei

Ulezi.

Jumapili, 13 Mei

Baada ya misa baba aliniita. Amesema Felista akiolewa, ng'ombe mmoja kati ya watakaokuja atauzwa ili mimi niende chuo cha ualimu Januari. Baba yangu, Mzee Barnaba, si mtu wa maneno mengi. Alisema hayo huku akinoa kisu cha kukatia ulezi, hakunitazama.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha nikamwona Felista anatwanga uani, nikaona haya. Yeye aliishia darasa la pili. Ilibidi mmoja wetu abaki kumsaidia mama, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo na dhaifu, nikapelekwa kwa masista.

Alhamisi, 17 Mei

Felista ameniambia siri ambayo Tunduma nzima inaijua. Anampenda Lusubilo, fundi anayeshona kule Tunduma kwenye baraza la duka la Mhindi. Ni Mndali wa Ibaba, tena si Mkatoliki. Nilimuuliza ana nini. Akasema, "Ana vidole virefu na ananichekesha."

"Cherehani ni yake?"

"Ya Mhindi. Kiti pia cha Mhindi. Hata kivuli cha pale ni cha Mhindi." Akacheka mpaka akakaa chini. Felista anaweza kumwigiza mtu yeyote. Alimwigiza mshenga akizitazama sahani kwa jicho moja, nami nikacheka.

Jumamosi, 26 Mei

Gari la sinema la serikali limekuja Tunduma. Tulikwenda kijiji kizima, na watu walivuka kutoka upande wa Rodesia, wakisalimiana "mwapoleni, mwapoleni" kila upande. Walitundika shuka kubwa jeupe, na jua lilipozama injini ikaanza kunguruma.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kuchimba choo. Ya pili ya kupogoa kahawa. Bwana Danford, Mwafrika mwenzetu, msemaji wa sinema, alizieleza kwa kipaza sauti kwa Kiswahili. Ya tatu ilikuwa ya kuchekesha, ya Wazungu, na hapo Bwana Danford alichoka kueleza, akawa anacheka tu. Felista akanifinya. "Wanasemaje?" Ikawa ninamnong'oneza yote.

Kuna tajiri mwenye viwanda vya sabuni. Ana binti mmoja. Anataka aolewe na mtu mwenye mahoteli, ili mahoteli yote yanunue sabuni. Binti anatoroka ndani ya gari la mikate, amejificha kati ya makreti, anatoka mweupe kwa unga kama mzimu. Dereva wa mikate hajui ni nani. Anamfundisha kubeba mikate kichwani, inaanguka, mbwa wanaikimbilia. Watu walilia kwa kucheka. Mama yetu, ambaye sijamwona akicheka tangu mavuno ya mwaka juzi, alifuta macho kwa khanga.

Mwishoni baba anawapata katika chumba kidogo cha dereva. Anakaa mezani, anavua kofia. Anamuuliza kijana, "Una nini?" Kijana anatoa kila kilichomo mfukoni na kukipanga mezani: ufunguo, kitana, nusu ya mkate. Tajiri anavitazama. Anafungua kinywa.

Hapo injini ikazimika. Petroli imekwisha. Shuka likawa shuka.

Watu walipiga kelele, kisha wakaanza kwenda makwao. Felista akanishika mkono kwa nguvu. "Nenda kamuulize yule bwana. Wewe unajua lugha yao. Yule baba alifoka au alicheka? Nenda, Fides!"

Nilikwenda hadi kwenye gari. Bwana Danford alikuwa anakunja waya. Nilisimama nyuma yake. Nilipanga maneno kwa Kiswahili, nikayapanga kwa Kiingereza, hayakutoka katika lugha yoyote. Akageuka, akasema, "Binti, sogea, utajikwaa." Nikasogea.

Niliporudi Felista aliuliza, "Enhe?"

Nikasema, "Alicheka. Alicheka, akawapa baraka."

Jumapili, 27 Mei

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu nilikuwa naona haya kusema kwamba nimeona haya.

Jumanne, 5 Juni

Upepo. Tunapura ulezi na makapi yote yanatuingia machoni.

Felista hana mawazo mengine. Leo aliniambia, akihesabu kwa vidole: "Choo walituonyesha, jumbe akaja kukagua. Kahawa wakawaonyesha watu wa Mbozi, Bwana Shamba akaja kukagua. Serikali haileti gari kutoka mbali kwa mchezo. Na hili nalo watakuja kukagua."

"Ile ilikuwa ya kuchekesha tu, dada."

"Ya choo hukucheka, yule mzee alivyoanguka shimoni? Na bado tulichimba."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Nilikuwa na ungo mkononi. Nikapepeta.

Jumatano, 13 Juni

Ulezi umeingia ghalani. Mshenga alikuja tena. Ng'ombe wa mahari watapanda kutoka bondeni mwezi ujao.

Jumapili, 24 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya misa tulikuwa mezani, baba, mama na mimi. Felista aliingia na Lusubilo nyuma yake. Lusubilo hakutuma mshenga, hakupiga hodi ya desturi. Felista alimshika mkono kabisa. Lusubilo alikuwa amevaa koti alilolishona mwenyewe, zuri, la kijivu, na jasho lilimtoka ingawa ni baridi.

Mama akasema, "Felista, wewe!"

Felista akavuta kigoda, akamkalisha Lusubilo mbele ya baba. Akasema, "Baba, muulize ana nini."

Baba alikuwa na mfupa mkononi. Akauweka. "Niulize nini?"

"Muulize ana nini."

Baba alimtazama Felista, kisha akamtazama yule kijana. Nadhani alitaka tu hayo mambo yaishe. Akasema, "Haya. Una nini?"

Lusubilo alisimama akaanza kutoa vitu mfukoni. Nilijua Felista amemfundisha, maana alivipanga mezani taratibu, kimoja kimoja, kama yule wa kwenye shuka. Subana ya kushonea. Chaki. Sukari guru kidogo ndani ya karatasi. Halafu, kutoka mfuko wa ndani, kadi iliyokunjwa mara nne. Felista alitabasamu. Alikuwa ameinama mbele, anamtazama baba mdomoni.

Baba hakugusa subana wala chaki. Alichukua ile kadi akaikunjua. Baba hajui kusoma, lakini kipande, kadi ya kuhesabia siku za mkataba, anakijua. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla sijazaliwa, akamaliza vipande vyake vyote, akarudi na kikohozi alicho nacho hadi leo. Kile kilikuwa na visanduku thelathini vya siku, na vilivyotiwa alama vilikuwa kumi na kimoja.

"Cha nani?"

"Changu, baba. Ndiyo karatasi pekee yenye jina langu."

"Mbona hakijajaa?"

"Niliumwa miguu. Nikaondoka."

"Uliondoka au ulitoroka mkataba?"

Lusubilo akaanza kuirudisha chaki mfukoni.

Baba akafungua kinywa. Naapa Felista alianza kucheka kidogo, ili baba acheke naye.

Baba akakifunga. Akakunja kile kipande mara nne kama kilivyokuwa, akakitia mfukoni mwake. Akasema, "Mama Felista, mgeni apewe chakula." Na Lusubilo alikula. Tulimtazama akila.

Jumatatu, 25 Juni

Baba aliondoka mapema kwenda kwa jumbe.

Jumatano, 27 Juni

Askari wawili wamemchukua Lusubilo barazani. Felista alikwenda Tunduma akakuta cherehani imefunikwa gunia. Yule Mhindi alimwambia, "Kazi ya watu imebaki nusu, mama, nusu!" akamwonyesha gauni lenye mkono mmoja.

Wanasema atapasua mawe ya barabara miezi mitatu, kisha ama watamwachia ama watamrudisha Tanga kumaliza mkataba.

Ijumaa, 29 Juni

Tulikuwa tunaosha vyombo. Felista akaniuliza, bila kunitazama, "Yule bwana wa sinema alikuambia nini hasa?"

"Sikumuuliza."

Aliendelea kusugua chungu. Alikisugua sana. Kisha akakisuuza, akakifudikiza, akaingia ndani.

Jumapili, 8 Julai

Hajaniambia neno tangu siku ile. Tunalala kitanda kimoja.

Alhamisi, 19 Julai

Ng'ombe wa Bwana Kasiani wamefika, kumi na wawili. Wamekonda kwa kupanda mlima, wamezoea joto la Kamsamba. Wanasimama uani wakitetemeka kwa baridi yetu. Baba alikwenda kati yao akawashika migongo mmoja mmoja. Usiku kucha nilimsikia akikohoa.

Nilikuwa nikimchukia baba. Leo nimemwona akimfunika ndama gunia, na sijui nimchukie vipi.

Jumapili, 29 Julai

Bwana Kasiani mwenyewe amekuja. Nilitarajia mtu wa kutisha. Ni mzee mfupi mwenye viatu vinavyombana. Felista alipopita, mzee alisimama kwa heshima, karibu amwage togwa. Baadaye alinivizia karibu na ghala, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, dada yako anapenda samaki?"

"Sijui, bwana."

"Mke wangu marehemu alikuwa hapendi. Miaka ishirini alikula, hakuniambia." Akaondoka akichechemea.

Jumapili, 12 Agosti

Ndoa yao imetangazwa kanisani mara ya kwanza. Bado mara mbili. Vumbi kila mahali, hata kwenye chakula.

Jumamosi, 18 Agosti

Gari la sinema limerudi Tunduma. Nilikwenda mchana peke yangu, kabla watu hawajakusanyika. Bwana Danford alikuwa ameketi kivulini mwa gari, anakula muhindi wa kuchoma.

Safari hii niliongea. Nilisema, "Bwana, ile sinema ya mkate. Yule baba mwishoni, alifanyaje?"

Akanitazama kwa mshangao. "Alicheka, binti."

"Kweli?"

"Sinema za namna ile baba hucheka siku zote. Kwao huko watu hulipa kiingilio ili acheke. Asipocheka watavunja viti." Akaendelea kutafuna. "Kwa nini? Mlikuwa mnabishana?"

Nikasema ndiyo, tulikuwa tunabishana.

Nilitembea kurudi nyumbani saa mbili nzima. Kumbe sikusema uongo. Na haikusaidia kitu.

Jumapili, 26 Agosti

Imetangazwa mara ya tatu. Hakuna aliyesimama kupinga.

Alhamisi, 30 Agosti

Nitaandika hadi mshumaa uishe.

Hapa parokiani, kabla ya ndoa, padre humhoji bibi arusi peke yake, na desturi ni ajibu kwa lugha ya mama yake, asije akasema baadaye hakuelewa. Padre wetu ni mgeni, ana Kiswahili cha Tabora na hajui Kinamwanga. Katekista yuko safarini. Baba akasema, "Fides amesoma, atatafsiri."

Njiani Felista alisema nami kwa mara ya kwanza tangu Juni. Alisema, "Utatafsiri ninachosema. Basi." Kisha akaniambia sababu. Bwana Kasiani ana rafiki, karani kwa Bwana DC Mbeya. Baba ameahidi kwamba siku ya pili ya arusi Kasiani atamwombea Lusubilo asirudishwe mkongeni. Felista ameona watu waliorudi kutoka mkongeni. Anamwona baba kila siku.

Baba na Bwana Kasiani walibaki nje kwenye benchi. Sisi tukaingia. Padre alikuwa na kitabu kikubwa na kalamu ya wino. Alituuliza majina, ubatizo, mambo hayo. Kisha akasema:

"Muulize: anaolewa kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu yeyote?"

Nikamuuliza kwa Kinamwanga. Felista alikuwa anatazama msalaba ukutani. Akajibu, "Mwambie ndiyo."

"Anasema ndiyo, Padre."

Padre akachovya kalamu.

Nilijua nimemaliza kazi yangu. Nimetafsiri sawasawa, neno kwa neno. Nilikiona chuo cha ualimu, nguo ya sare, ubao. Nilimwona pia dada yangu akiwa ameshika ukingo wa meza, na kucha zake zimekuwa nyeupe. Nikasikia mtu anasema kwa Kiswahili, na alikuwa ni mimi:

"Anasema ndiyo, Padre, lakini si kweli. Kuna mtu amefungwa. Wamemwahidi."

Felista anaelewa Kiswahili cha kutosha. Akageuka. "Nyamaza, Fides."

"Hataki, Padre. Hajawahi kutaka. Hata sahani hakuziinua."

"Nyamaza!"

Padre aliweka kalamu chini. Alimtazama Felista, akamuuliza yeye mwenyewe, polepole, "Binti, dada yako anasema kweli?"

Felista hakujibu. Padre alingoja. Nje nilisikia Bwana Kasiani akimwuliza baba kama mvua zitawahi mwaka huu. Padre akangoja tena. Kisha akafunga kitabu, akasema, "Siwezi kuandika hili," akaenda mlangoni kumwita baba.

Tulipobaki wawili nilidhani Felista atanipiga. Hakunipiga. Alisema, "Nilipokuomba kweli ulinidanganya. Leo nimekuomba unyamaze."

Ijumaa, 31 Agosti

Baba hajala. Mama amelia tangu jana.

Jumatatu, 3 Septemba

Wachungaji wa Bwana Kasiani wamekuja kuchukua ng'ombe. Hakuja mwenyewe. Hakutuma matusi, hakutuma salamu. Ng'ombe wameondoka mbio, kama waliokuwa wanangoja kurudi kwenye joto lao.

Baba aliniambia, "Kesho utashika jembe kama dada yako." Nikasema ndiyo, baba. Hakusema lolote kuhusu ualimu, na hapakuwa na haja.

Alhamisi, 13 Septemba

Joto. Tunalima mashamba mapya, tunachoma matawi. Moshi.

Jumatatu, 24 Septemba

Felista ameondoka leo alfajiri kuwatafuta wanaopasua mawe ya barabara. Hakutoroka. Alifunga unga na mkeka mbele yetu sote. Mama akamshika, akamwachia. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na Felista alipofika pale wakatazamana. Baba akasogea, akampisha njia.

Nilimfuata hadi mtoni. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

Alivuka. Sikuyasema.

Jumanne, 9 Oktoba

Mawingu upande wa Ileje, hayajashuka.

Alhamisi, 18 Oktoba

Leo amepita Bwana Damiano, dereva wa lori anayepeleka mahindi Mbeya. Amemwona Felista Nanyala, kando ya barabara kuu. Lusubilo hayupo. Walimpeleka Tanga siku mbili kabla Felista hajafika. Felista amejenga kibanda cha nyasi, anawauzia uji wafanyakazi wa barabara.

"Harudi?" mama akauliza.

"Nilimwambia apande, nimlete bure. Akasema analala usingizi mzuri pale." Bwana Damiano akakuna kichwa. "Amekonda. Lakini midomo yake ile ile. Aliniigiza ninavyotembea, nikacheka mwenyewe."

Nilijikaza nikauliza kama ametuma salamu.

Akafikiri. "Alimsalimu mama."

Baba, ambaye alikuwa kwenye kigoda ametupa mgongo, akauliza, "Uji wa nini?"

"Mahindi, mzee. Ulezi pale haupatikani."

Baba akainuka akaenda ghalani. Tulimsikia akikohoa humo ndani muda mrefu. Akatoka na gunia la ulezi begani, jipya, lile la mbegu, akaliegemeza kwenye gurudumu la lori. Akaniita. Alinipa kaa lililozimika, akaniambia niandike jina juu ya gunia lisipotee njiani.

Niliandika FELISTA kwa herufi kubwa. Baba alizitazama herufi kama mtu anayezisoma.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo, baba."

Akafuta vumbi lililokuwa pembeni ya jina kwa kiganja. Hakusema niandike limetoka kwa nani, na mimi sikuuliza.